Pasaka Tuliyoipeleka kwa Ariel

Lubumbashi, tarehe 9 Februari 2025

Mama Mudogo Mapalo,

Yambo Mama, na yambo ya wote hapo Pweto wanaouliza habari zangu. Sisi hapa tunaamka. Mukuka anakusalimia sana. Mgongo unamsumbua tangu mvua zianze, lakini ukimwambia apumzike ananuna, unamjua mkwe wako. Sephora ameota jino la mbele upya na sasa anatuongelesha nyumbani kama mwalimu mkuu. Samaki uliotuma kwa lori la Papa Asani walifika bila kuvunjika. Nyumba ilinuka ziwa siku nzima, Sephora akakukumbuka wewe bibi yake, akasema, "Njo vile nkambo ananukiaka."

Nimejaribu kukupigia. Simu inatoa neno moja na kumeza matatu. Ndiyo maana nimerudia karatasi, na Papa Asani amekubali kuibeba kila anapokuja huko kuchukua samaki.

Kanisani wameanza kugawa kazi za Pasaka. Mama Chisanga, mwenyekiti wa wamama, alikuja kuniuliza kama mwaka huu pia nitasoma ile habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Nimemwambia koo linaniuma. Wampe mwingine. Kuna binti mmoja anasoma vizuri na sauti yake inafika mpaka nyuma.

Kwaya ya kwenu inaendeleaje? Bado unaimba mstari wa mbele?

Naishia hapa, Papa Asani ameshawasha motari na anapiga honi kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha na siyo chai yake.

Mwana wako,
Abigaïl


Pweto, tarehe 1 Machi 2025

Mwanangu Abigaïl,

Yambo yako na ya mume wako na ya huyo mwalimu mkuu mwenye jino jipya. Hapa mvua imeangusha ukuta wa jikoni, napika chini ya mabati mawili. Imani, mjukuu wangu, amepata mtoto wa kike, mzito, analia kama anayetaka haki yake. Samaki ni wengi lakini jua ni kidogo, wanakauka upande mmoja na kuoza upande wa pili.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Niliporudia nikaona pengo. Umeandika mgongo wa Mukuka, umeandika jino la Sephora, umeandika mpaka harufu ya nyumba. Jina la Ariel hukuliandika.

Mimi sikufika kwenye kilio, barabara ilikuwa imekatika. Yote ninayoyajua niliyasikia katika simu ile inayomeza maneno. Nilisikia "Ariel", nikasikia "udongo", kisha nikasikia watu wanalia, basi. Tangu Novemba hakuna aliyenieleza. Na mimi ndiye niliyemwogesha siku aliyozaliwa, wewe ukiwa umelala kwa uchovu.

Koo haliumi kuanzia Novemba mpaka Februari, mwanangu. Niambie.

Kwaya ipo. Wanaimba.

Mama yako mudogo,
Mapalo


Lubumbashi, tarehe 19 Machi 2025

Mama,

Yambo. Mtoto wa Imani apewe busu langu, na huo ukuta Mungu ausimamishe kabla ukungu haujakuingia kifuani. Sephora anauliza mtoto huyo amwite mdogo wake au mtoto wake. Nimemwambia nkambo ndiye atakayeamua.

Umeniuliza. Nitaandika mara moja tu, usiniombe nirudie.

Ariel alikuwa amemaliza mwaka wa pili chuoni Kasapa. Unajua alikuwa anasoma mambo ya mawe. Tangu mdogo alikuwa anajaza mawe mifukoni, nami namfokea kwa sababu yanatoboa suruali. Kabla masomo hayajaanza tena, alisema anakwenda kwenye karière moja upande wa njia ya Likasi, pale ambapo watu wanachimba kwa mikono. Baba yake alikataa. Ariel akamjibu, "Papa, ku masomo banatuonyesha jiwe ndani ya kisanduku. Mie nataka kuona fasi jiwe linalalaka." Tukacheka. Ndivyo alivyokuwa, anakuchekesha mpaka unakubali bila kujua kwamba umekubali.

Mvua kubwa ya kwanza iliwakuta chini. Shimo likafunga mdomo. Mtu mmoja alitolewa mzima, wengine walitolewa wameshakufa, na Ariel hakuonekana. Wenzake walichimba mpaka kucha zikatoka. Kisha wakuu wa pale wakasema kilima chote kinataka kuanguka, ikaletwa mashine kubwa, ikasukuma udongo na kufunga pote. Mukuka alisimama mbele ya ile mashine. Walimbeba kwa nguvu kumwondoa. Mgongo wake haukuanza na mvua, Mama. Ulianza siku ile.

Kilio tulikifanya na picha. Waliiweka juu ya kiti, ile aliyopiga alipoingia chuo, wakaizungushia maua. Watu walikuja kulilia kiti.

Sasa unisikilize. Kila Pasaka mimi ndiye ninayesimama kusoma kwamba wanawake walifika na hawakuukuta mwili, wakaambiwa, hayupo hapa. Na kanisa lote linapiga makofi. Wao walikosa mwili, ikawa habari njema. Mimi nimekosa mwili, hiyo ni habari gani? Hata wao walikuwa na kaburi la kwenda. Tena unajua desturi yetu, alfajiri ya Pasaka tunatembea na nyimbo mpaka makaburini, kila mmoja anasimama kwa mtu wake, ndipo tunarudi kwenye ibada. Mimi nitasimama kwa nani?

Hayo nilimwambia Mama Chisanga aliporudi kunibembeleza. Nilikuwa natwanga sombe na nilimsemea kwa ukali, mwanamke anayeweza kuwa dada yako mkubwa. Hakunijibu neno hata moja la mahubiri. Alinyoosha mkono, akachukua mtwangio wangu, akatwanga majani yote yaliyobaki mpaka yakalainika, akanirudishia. Mlangoni akasema tu, "Nimesikia, Mama Ariel."

Watu wengine wote siku hizi wananiita Mama Sephora. Wanadhani wananisaidia.

Wewe siku hiyo utavaa kitenge gani? Kile cha bluu bado kipo?

Abigaïl


Pweto, tarehe 8 Aprili 2025

Mwanangu,

Yambo ya nyumba nzima. Mwambie Sephora huyo ni mdogo wake, asije akajipa kazi ya kulea mapema. Ukuta bado.

Nimekaa na barua yako siku nyingi, ndiyo sababu Papa Asani ameondoka bila jibu langu. Hii nampa dereva mwingine, Mungu amfikishe. Mpe Mukuka mkono wangu. Sikujua kwamba alisimama mbele ya mashine. Kama angekuwa hapa ningempikia kuku na nisingesema kitu.

Kuhusu Pasaka nitakuambia lisilotarajiwa kutoka kwangu. Usiende. Funga mlango, pika chai, lala. Mungu hatakuweka kati ya watoro. Waache waimbe wenye sauti. Wale wanawake wenyewe kabla ya kufurahi walikimbia wakitetemeka na hawakutaka kumwambia mtu, na hakuna aliyewagombeza. Kanisa la siku hizi linataka mtu aamke na huzuni Ijumaa na afurahi Jumapili saa ya ibada, kama kuwasha taa. Mwili wa mtu haufanyi hivyo.

Baki nyumbani, mwana wangu. Pasaka itarudi mwaka mwingine.

Mimi siku hiyo nina samaki wa kugeuza.

Mapalo


Lubumbashi, tarehe 23 Aprili 2025

Mama yangu,

Yambo, yambo mara nyingi. Jibu lako halijanifikia, wanasema malori yamekwama kwenye tope huko njiani. Siwezi kungoja. Mukuka ni mzima, Sephora ni mzima, sote ni wazima, na nina habari ya kukupa kabla haijapoa.

Ijumaa Kuu sikwenda kanisani. Jumamosi nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mukuka akazianika. Jumapili, mwanga ulipoanza kuingia dirishani, nikasikia nyimbo zinakuja. Nikajua ni wao wanakwenda makaburini, watapita, nyimbo zitaisha. Hazikupita. Zilifika kwenye mlango wetu wa nje, zikanyamaza.

Nilitoka na kitenge cha kulalia. Barabara imejaa, Mama. Wamama na nguo zao nyeupe, wababa, kwaya yote, Mchungaji na viatu vyake vya Jumapili ndani ya tope. Nyuma yao lori la Papa Asani na gari nyingine ndogo mbili. Mama Chisanga alikuwa mbele.

Akasema, "Mama Ariel, leo hatuende ku makaburi. Tunaenda kwa Ariel. Utakuya na shiye?"

Niligeuka kuingia kuvaa. Mukuka alikuwa ameshatoka nyuma yangu, amevaa koti.

Nataka uwajue watu hawa, ndiyo maana naandika hata mkono ukiuma. Mama Chileshe alimzika mume wake Januari. Ile ilikuwa Pasaka yake ya kwanza ya kusimama penye kaburi lake, na aliliacha, akapanda lori. Niliposhika mkono wake kumwomba radhi alinikatiza, "Wangu najua fasi eko. Ataningoya." Na Papa Asani ni Mwislamu, sikukuu si yake. Aliosha lori lote harufu ya samaki ikatoka, akatandika mikeka ya nyumbani kwake. Walipomwambia atafute dereva, akasema Ariel alikuwa anawafundisha watoto wake hesabu, ataendesha mwenyewe.

Tulifika jua likiwa limechomoza. Pale wamefunga kamba na kuna mlinzi. Akatoka mbio akivaa kofia.

"Mwee bamama, munaenda wapi? Hapa hapana kanisa."

Mama Chisanga akamwambia, "Tunakuya kusalimia mutoto wetu. Eko humu."

"Mutoto gani? Autorisation iko wapi, karatasi ya ruhusa?"

"Tata," akamwita kama baba yake, "uko na mama?"

"Niko naye. Eko Kipushi."

"Ukifwa huku, atakuya na autorisation?"

Yule mlinzi alirudi mpaka penye kamba. Kisha akasema, taratibu, "Musipite kamba. Musimame hapa pa kamba." Akavua kofia yake aliyotoka kuivaa.

Basi tukasimama. Mbele yetu kilima chekundu, kimesawazishwa kama hakuna kilichotokea. Wachimbaji waliokuwa wanalala chini ya maturubai walianza kutoka mmoja mmoja, nguo zimejaa vumbi, wakasimama upande wa pili wa kamba. Hakuna aliyewaita. Mchungaji alikuwa na mahubiri yake kwenye karatasi. Alitazama kile kilima, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaomba tu maneno machache.

Ndipo mwanaume mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akaruka kamba akaja mpaka mbele yetu. Akasema, "Njo mie balitosha muzima. Jina yangu Chance."

Mama, tangu Novemba mimi najua kwamba mtu mmoja alitolewa mzima, na tangu Novemba sikutaka kumjua. Ninaandika ukweli. Kila nilipomfikiria niliuliza kwa nini ni yeye.

Akaendelea, "Mama, niliogopa kufika kwenu. Nilisema mutaniuliza juu ya nini mie niko muzima na mutoto wenu hapana. Udongo ilianza kushuka, tulikuwa tunapanda ku kamba. Ariel alikuwa chini yangu. Eko mwepesi, alikuwa anaweza kunipita. Aliweka mabega yake chini ya miguu yangu, akanisukuma. Alisema, 'Panda, Papa Chance, uko na batoto.' Nilipanda. Nikarudisha mukono chini. Mukono haikupata kintu."



Sijui nilikaa chini saa ngapi, nilijikuta nimekaa kwenye udongo na Mama Chisanga amenishika kichwa. Nilikuwa nangoja Mukuka afanye jambo baya. Alikwenda kwa yule mtu, akamshika mabega yote mawili, akamtazama sana. Kisha akamwuliza, "Batoto banaitwa nani?"

Chance akataja majina yao, mmoja baada ya mwingine, analia. Na Mukuka, ambaye tangu ile mashine hakulia, akawa anayarudia kila jina, kama mtu anayejifunza.

Hakuna aliyeniambia nisome. Ni mimi niliyenyoosha mkono kwa yule binti aliyepewa kusoma badala yangu, nikaomba kitabu. Nilisimama penye kamba nikasoma jinsi wanawake walivyoamka mapema, jinsi walivyoulizana njiani nani atawaondolea jiwe. Nilipofika pale, hayupo hapa, sauti ilikatika. Hakuna aliyepiga makofi. Walisogea tu, wote, mpaka nikahisi joto la miili yao mgongoni. Nikasoma tena. Hayupo hapa.

Miezi yote nilidhani maneno hayo yananinyang'anya mwanangu. Pale, mbele ya kilima, niliyasikia yanakiambia kilima. Kwamba huyu unayedhani umemmeza, si wa kwako, na mwisho wake si hapa. Sijui kukueleza zaidi, Mchungaji angeeleza vizuri. Sikupona, Mama. Niliporudi nililia kuliko siku za kilio. Lakini kwanza niliimba, na wachimbaji wale wakaimba nasi, na mlinzi alikuwa anajua sauti ya nne.

Kisha wamama wakafungua vyungu walivyokuwa wamepakia, bukari ya unga mweupe na kuku na mboga za lengalenga, tukala wote pamoja pande zote mbili za kamba.

Nakuandikia haya ili uje, nikusimulie na mikono.

Mwana wako,
Abigaïl


Lubumbashi, tarehe 4 Mei 2025

Mama Mudogo,

Yambo. Barua yako ya Aprili imefika jana, ina tope kila upande. Nimesoma kwamba nisiende. Nilicheka, Mukuka akacheka, kisha nikairudia tangu mwanzo.

Mama, wewe ndiye uliyenipeleka kanisani nikiwa nimefungwa mgongoni mwako. Uliwahi kunichapa kwa sababu nilisinzia siku ya Matawi. Umeanza lini kuniambia nibaki nyumbani? Na kitenge cha bluu nilikuuliza, ukanijibu samaki.

Chance alikuja Jumapili iliyopita na mke wake na watoto. Mdogo alimwaga maji juu ya picha ya Ariel na mama yake akataka kumpiga. Nilimzuia.

Nijibu vizuri.

Abigaïl


Pweto, tarehe 18 Mei 2025

Mwanangu Abigaïl,

Yambo yako, yambo ya Mukuka, mgongo wake na machozi yake. Ukuta wa jikoni umesimama, vijana wa kwaya waliujenga. Mtoto wa Imani anacheka sasa. Papa Asani yuko hapa mlangoni, amekubali kungoja nimalize, nami sijampa chai bado ili asiondoke.

Barua zako mbili zilinifikia siku moja. Ya Pasaka nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini, samaki wameliwa na paka.

Umeuliza, nakujibu. Tangu ile simu ya Novemba sikuingia kanisani. Kila Jumapili niliwaambia watu nina samaki wa kugeuza, na nilikuwa nageuza samaki ambao walikuwa wamekauka tangu Ijumaa. Nilimwomba Mungu amlinde mtoto yule kila asubuhi tangu siku niliyomwogesha. Sikujua nimwambie nini tena. Uliponiuliza habari ya kwaya na ya kitenge, ningekujibu nini? Na kukutuma mahali ambapo mguu wangu haukutaka kwenda, sikuweza. Nashukuru lori lilikwama. Ni mara ya kwanza kushukuru kwa barabara yetu.

Jumapili iliyopita nilivaa cha bluu. Walipomaliza nyimbo niliomba nafasi, nikawasimulia yote, Mama Chisanga na mtwangio, mama yule aliyeacha kaburi la mume wake, Mukuka akijifunza majina. Nilipotaka kukaa, wamama hawakuniachia. Unajua hapa kwetu wengi ziwa liliwachukua waume zao na wana wao na halikurudisha kitu. Hawakuwahi kulisema kanisani. Mmoja alisimama akasema jina la mwanawe, kisha mwingine, kisha mwingine. Ibada ilichelewa sana kwisha na hakuna aliyelalamika. Mwaka ujao wanasema alfajiri ya Pasaka watashuka mpaka majini.

Nimekuwa Mkristo tangu utoto, na nilikuwa nadhani Pasaka ni siku tunayokumbuka kitu kilichotokea zamani. Ninyi hapo Lubumbashi mmeichukua mkaipeleka kwa mtu anayeihitaji. Mwambie Mama Chisanga nampigia magoti kutoka huku, na atajua siku nikimwona.

Maana nakuja. Nitapanda na Papa Asani akirudi safari hii ijayo, njia ikauke kidogo. Sasa usipange kunipeleka kilimani siku ya kwanza. Siku ya kwanza nipeleke kwa Chance. Nataka kuwabeba watoto wake, nijue nani anapenda samaki na nani anamtema, nikae hapo mpaka wanizoee na kunisumbua. Kilima hakina pa kwenda. Mimi nataka kuanza na walio hai.

Mama yako mudogo,
Mapalo